Kuandaa Slaidi ya Damu kwa Ajili ya Vimelea vya Malaria

Safisha ubavu wa kidole cha pete kwa spiriti, usubiri ukauke, kisha uchome kwa lanseti na kufuta tone la kwanza. Juu ya slaidi moja weka matone mawili: dogo la mikrolita 2 hivi, na kubwa la mikrolita 6. Lile dogo livute mara moja, bila kusita, kwa ukingo wa slaidi nyingine iliyoinama nyuzi 45, mpaka utando wake uishe kama ncha ya ulimi; huo ndio utando mwembamba. Lile kubwa lizungushe kwa kona ya slaidi hadi lifikie upana wa sentimita 1; hilo ndilo tone nene. Ukiiweka slaidi juu ya gazeti, maandishi yasomeke kwa shida chini ya damu.

Iandike slaidi, kisha ikauke ikiwa imelala. Katika zahanati za mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, hewa ya ziwa huchelewesha kukauka, na nzi hula damu wakiachiwa, kwa hiyo ifunike. Tafadhali usiipeleke juani wala karibu na moto, kwani joto hugandisha chembe nyekundu za tone nene.

Hapa ndipo nasisitiza kuliko kwingine kote. Methanoli, kemikali ya kukaza damu kwenye slaidi, iguse utando mwembamba peke yake. Alphonse Laveran, aliyeviona vimelea hivi mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1880, alitazama damu mbichi isiyotiwa rangi, kazi iliyodai subira kubwa mno. Tone nene, alilolieleza Ronald Ross mwaka 1903, lilirahisisha utafutaji kwa sababu chembe nyekundu hupasuka ndani ya maji ya rangi na kuacha vimelea wazi katika damu nyingi iliyokusanyika mahali padogo. Methanoli ikilifikia tone nene, chembe hizo hazipasuki tena, na faida yote imepotea.

Rangi ni ile ya Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, ya mwaka 1904. Ichanganye siku hiyohiyo kwa asilimia 10 katika maji yenye pH (kipimo cha uasidi) 7.2, uiache juu ya slaidi dakika 10 hadi 15, kisha uisuuze taratibu. Kiini cha kimelea kitakuwa chekundu, na sehemu inayokizunguka bluu.

Soma kwa lenzi ya mafuta ya hadubini, ile ya kukuza mara 100, ukianza na tone nene. Utando mwembamba utakusaidia kutambua aina ya kimelea. Usiandike kwamba mgonjwa hana vimelea kabla ya kupitia angalau maeneo 100 ya tone nene, yaani sehemu 100 zinazoonekana moja moja kwenye hadubini.