Namna ya Kujiandaa kwa Maonyesho ya Ajira na Kunufaika Nayo

Vijana wengi wanaohudhuria maonyesho ya ajira, yawe chuoni Makerere au katika viwanja vya Lugogo jijini Kampala, huzunguka meza zote za waajiri, huacha nakala ya wasifu kila mahali, kisha hurudi nyumbani kusubiri simu. Mwajiri aliyepokea rundo la karatasi kwa siku moja huwakumbuka wachache tu aliozungumza nao kwa kina, na maandalizi yako yote yalenge kukuweka miongoni mwa hao.

Orodha ya washiriki ikishatangazwa, chagua waajiri watatu au wanne, usome kwa makini wanafanya nini, wapi, na wanatafuta watu wa aina gani. Chukua mfano wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima hadi Chongoleani, karibu na Tanga. Anayetaka kazi kwa wakandarasi wa sekta hiyo ajisajili mapema katika daftari la vipaji vya mafuta na gesi, yaani orodha ya watu wenye ujuzi unaohitajika katika sekta hiyo, linalosimamiwa na Mamlaka ya Petroli ya Uganda, na kama anakimudu Kiswahili, akitaje juu katika wasifu wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya bomba hilo iko Tanzania. Inasikitisha kuona Waganda wenye Kiswahili kizuri wakikiandika mwishoni kabisa, baada ya kandanda na muziki.

Beba nakala za vyeti na za kitambulisho cha taifa katika jalada lisilopenya maji, na vyeti halisi uviache nyumbani. Ondoka mapema, kwani foleni za Kampala hazina huruma, na asubuhi wawakilishi wa waajiri walioko mezani bado wana nguvu ya kusikiliza. Ni vyema kuanza na mwajiri wa pili au wa tatu katika orodha yako, ili ulimi uwe umezoea utakapomfikia yule unayemtaka zaidi.

Mazungumzo yenyewe ndiyo yanayostahili mazoezi kuliko jambo lingine lolote. Kauli ya "niko tayari kufanya kazi yoyote" hutolewa kwa unyenyekevu, lakini humwachia mwajiri mzigo wa kufikiri wewe unafaa wapi. Linganisha na mtu anayesema: "Habari za asubuhi, madam. Nimesomea ugavi, na mwaka jana nilisimamia ghala la mahindi la ushirika kule Masindi. Kila jioni nililinganisha magunia yaliyomo na yaliyoandikwa kitabuni. Nimesoma kwamba mnafungua ghala Gulu. Je, mnahitaji watunza ghala, na mnapendelea mwenye uzoefu gani?" Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, nayo yanaonyesha kazi aliyoifanya, ujuzi wake, na kwamba ameifuatilia kampuni. Baada ya swali, nyamaza usikilize. Kabla ya kuaga, uliza maombi yapelekwe kwa nani na mwisho wake ni lini, kisha sogea pembeni uandike papo hapo jina la uliyezungumza naye na jambo moja alilolisisitiza.

Kwenye meza za kazi za nje ya nchi, tahadhari iwe kubwa zaidi. Usitoe fedha wala pasipoti siku hiyo, hata ukiambiwa nafasi zinakwisha. Chukua jina kamili la wakala, kisha uhakikishe kwamba ana leseni hai ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Jioni hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, mwandikie kila uliyezungumza naye barua pepe fupi yenye jina lako, mahali mlipokutana na lile jambo alilolisisitiza, ukiambatisha wasifu uliorekebishwa kulingana nalo. Zikipita wiki mbili bila jibu, piga simu mara moja kwa adabu, uulize maombi yamefikia hatua gani.