Idhini ya kusafiri mtandaoni: namna ya kuiomba ukafika kaunta bila wasiwasi

Mtu akiambiwa "nchi ile huhitaji viza", mara nyingi huishia hapo. Anakata tiketi, anafunga mizigo, na kwenye kaunta ya shirika la ndege ndipo anaambiwa mfumo umekataa kumpa kibali cha kupanda. Siku hizi kusamehewa viza hakumaanishi kuondoka na pasipoti peke yake: nchi nyingi hutaka uombe kwanza idhini ya kusafiri mtandaoni. Australia ilianza kutoa idhini za kielektroniki mwaka 1996. Marekani ikaifanya idhini yake, ESTA, kuwa lazima Januari 2009, wakafuata Kanada na eTA, New Zealand na NZeTA, Korea Kusini na K-ETA, kisha Uingereza na ETA mwishoni mwa 2023. Umoja wa Ulaya nao umeandaa ya kwake, ETIAS.

Kazi yangu ni kuwasaidia wasafiri kujaza fomu hizi. Fomu si ngumu, na ukiwa umejiandaa nusu saa inatosha. Wanaokwama karibu wote hukwama kwa jambo moja: walichoandika hakilingani na pasipoti yao. Kwa hiyo hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine, na ndiyo ninayokuomba usiiruke.

Hatua ya 1: Angalia pasipoti utakayosafiria, si nchi unayoishi

Msamaha wa viza hufuata uraia. Ukiwa na kibali cha ukaazi Ujerumani lakini pasipoti yako ni ya nchi ambayo raia wake huhitaji viza kuingia Marekani, ESTA haikuhusu, hata kama umeishi Ujerumani miaka mingi. Mwenye pasipoti ya Ujerumani naye anaomba ESTA popote pale anapoishi. Wenye uraia zaidi ya mmoja wawe makini zaidi: raia wa Uingereza hapewi ETA ya Uingereza, na raia wa Marekani hutakiwa kuingia kwao kwa pasipoti ya Marekani.

Angalia pia utaingia kwa njia gani. Kanada inadai eTA kwa wanaofika kwa ndege tu, lakini Marekani tangu Oktoba 2022 inataka ESTA hata kwa anayevuka mpaka kwa gari. Na usidhani kubadilisha ndege hakuhesabiki. Ukipita uwanja wa ndege wa Marekani saa mbili tu ukielekea kwingine, unapitia uhamiaji kama wageni wengine, kwa hiyo unahitaji idhini.

Kuna na suala la ulikotembelea zamani. Kwa Marekani, aliyefika Iran, Iraq, Syria, Sudan, Libya, Somalia, Yemen au Korea Kaskazini tangu tarehe 1 Machi 2011, au Kuba tangu tarehe 12 Januari 2021, kwa kawaida hapewi ESTA. Hajafungiwa kuingia nchini, ila lazima aombe viza ya kawaida. Watu wengi walikwenda kuona ndugu Mogadishu au Khartoum na hawajui kama safari ile ina uzito huu. Ni bora ulijue mapema, maana miadi ya viza huchukua muda.

Hatua ya 2: Ingia kwenye tovuti ya serikali yenyewe

Ukiandika "ESTA" kwenye kitafutio, matokeo ya juu mara nyingi ni matangazo ya mawakala. Kurasa zao zina bendera, rangi na nembo zinazofanana na za serikali, na bei yake inaweza kuwa maradufu au zaidi. Usiangalie mapambo, soma anwani. Ya Marekani huishia na .gov, ya Uingereza iko ndani ya gov.uk, ya Kanada canada.ca, ya Korea Kusini go.kr, na ya Umoja wa Ulaya europa.eu. Anwani yenye neno "visa" au "esta" lakini inayoishia na .com au .org si ya serikali.

Kumlipa mtu akusaidie si kosa, ilimradi ujue unamlipa yeye kwa huduma, na akuonyeshe risiti ya ada ya serikali ikiwa peke yake.

Hatua ya 3: Nakili kutoka kwenye pasipoti, usiandike kwa kichwa

Idhini haibandikwi kwenye pasipoti. Inafungwa na namba ya pasipoti ndani ya kompyuta. Mhudumu wa kaunta akiskani pasipoti yako, mfumo hautafuti sura yako wala umaarufu wako, unatafuta namba ile na jina lile. Herufi moja ikikosewa, kwake wewe hujaomba.

Fungua ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili iliyojaa herufi, tarakimu na vialama vinavyoelekea kushoto. Hiyo ndiyo mashine inaisoma, nawe anzia hapo. Mstari wa kwanza huanza na herufi P, kisha kifupi cha nchi iliyotoa pasipoti, kisha jina la ukoo. Baada ya vialama viwili mfululizo yanafuata majina mengine. Chochote kilichotangulia vile vialama viwili ndicho uweke kwenye nafasi ya jina la ukoo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Kama jina la babu limo, liandike, na kama halimo, liache.

Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti, nafasi tisa. Alama ya kumi si sehemu ya namba hiyo. Ni tarakimu ya kuhakiki, ambayo kompyuta huitumia kupima kama zile tisa zimesomwa sawasawa, na watu huinakili nayo bila kujua. Kisha linganisha na namba iliyochapwa juu ya ukurasa. Shaka kubwa ni kati ya sifuri na herufi O, na kati ya 1 na I. Pasipoti za Ujerumani hazitumii herufi O kabisa, kwa hiyo ukiona duara ndani ya namba, hiyo ni sifuri. Kwa pasipoti nyingine, kuza picha kwenye simu ulinganishe na tarakimu ambazo una hakika nazo, kama zile za mwaka wa kuzaliwa.

Tarehe kwenye mstari huo huanza na mwaka: 850307 ni tarehe 7 Machi 1985. Fomu nyingine huweka mwezi kabla ya siku, kwa hiyo soma kila kisanduku kabla ya kujaza.

Ukimaliza, mpe mtu mwingine akusomee namba kwa sauti, herufi moja moja, wewe ukifuata kwenye skrini. Jicho lililoandika kosa huliruka tena na tena.

Hatua ya 4: Picha na maswali

Programu za simu huomba picha ya ukurasa wa pasipoti, picha ya uso, na nyingine husoma chipu iliyomo ndani ya pasipoti. Kaa penye mwanga wa dirisha, zima flashi isiache doa jeupe, na utoe kava la pasipoti. Simu isiposoma chipu, toa na kava la simu, kisha isogeze polepole.

Maswali ya usalama na ya makosa ya jinai yajibu kweli, hata kama jambo ni la zamani. Kosa dogo lililosemwa huenda likasamehewa, lakini uongo ukigundulika unaharibu hata maombi ya viza yajayo.

Hatua ya 5: Lipa na usubiri

Angalia ada siku hiyohiyo, kwa sababu hupanda. ETA ya Uingereza ilianza kwa pauni 10, ikafika pauni 16 mwezi wa Aprili 2025. ESTA ilitoka dola 21 ikawa 40 mwishoni mwa Septemba 2025. Ya Kanada ni dola 7 za huko. Kila msafiri ana ombi lake, hata mtoto mchanga.

Majibu mengi huja ndani ya dakika au saa chache, lakini Marekani inashauri uombe angalau saa 72 kabla, na Uingereza inasema utenge siku tatu za kazi. Mimi huwaambia watu waombe wiki kadhaa kabla, tena kabla ya kulipia tiketi isiyorudishwa. Kama barua pepe haijaonekana, tazama kwenye barua taka. Jibu likifika, linganisha namba ya pasipoti kwa mara ya mwisho. Ikiwa imekosewa, omba upya na ulipe upya papo hapo.

Hatua ya 6: Jua mwisho wake

ESTA na ETA ya Uingereza hudumu miaka miwili, eTA ya Kanada hadi mitano. Pasipoti ikiisha au ukiibadilisha, idhini nayo imekwisha, hata kama kwenye barua pepe bado ina mwaka mzima. Usichanganye pia muda wa idhini na muda wa kukaa: ESTA ni siku 90 kwa safari, na kuruka hadi Mexico kisha kurudi kwa kawaida hakuzianzishi upya. Uingereza huruhusu hadi miezi sita.

Ukikataliwa, usiombe tena na tena kwa kubadilisha majibu. Omba viza ya kawaida, na fomu ikiuliza kama umewahi kukataliwa, jibu ndiyo.