Kufuga bakteria wanaokula mwanga: chupa moja na tope la Dunga

Hatua ya 1. Nenda Dunga, hapa Kisumu, pembeni mwa mafunjo, ukachote tope jeusi linalonuka yai viza. Lisiponuka, chimba zaidi. Harufu hiyo ni ya gesi yenye salfa, na bakteria tunaowataka, hasa wa zambarau, huitegemea. Vaa gamubuti na glavu, maana kichocho kipo ziwani.

Hatua ya 2. Changanya tope na gazeti lililochanwachanwa, kiini cha yai la kuchemsha na maganda yake yaliyotwangwa. Koroga liwe zito kama uji wa wimbi. Jaza chupa angavu robo tatu, igongegonge mapovu yatoke, kisha ongeza maji ya ziwa. Kifuniko usikikaze. Mimi nilikikaza mara moja, gesi ikakirusha hadi darini, na maabara ikanuka wiki nzima.

Hatua ya 3 ni mwanga, na hapa ndipo nilipopoteza miezi miwili. Niliiweka chupa chini ya taa ya LED. Juu pakawa kijani, chini peusi tii, zambarau hakuna. Kosa halikuwa la tope: LED nyeupe hutoa karibu mwanga ule tu tunaouona, ilhali bakteria wengi wa zambarau hunasa miale ya nanomita 800 hadi 850 hivi, ambayo jicho haliioni. Iweke dirishani, jua lisiipige moja kwa moja, au tumia balbu ya zamani ya waya.

Mitego ya mwanga ya bakteria hao wa zambarau ni pete za protini. Pete moja iliyochorwa kwa eksirei mwaka 1995 ina vipande 9 na molekuli 27 za bakterioklorofili (rangi inayonasa mwanga, jamaa ya klorofili ya majani), zinazopokezana nishati kama watu wanaopitishiana ndoo kutoka kisimani. Bakteria wa kijani wa salfa, wanaokaa chini zaidi kwenye mwanga hafifu, wana klorosomu: kifuko chenye bakterioklorofili zaidi ya 100,000, zilizoshikana zenyewe bila kushikiliwa na protini. Hicho ndicho kinachonishangaza kila mwaka.

Hatua ya 4. Subiri wiki sita au zaidi. Kabla ya kuanza kusubiri, bandika ukanda wa karatasi ya foili ubavuni mwa chupa. Zambarau ikishatokea, ubandue mbele ya wanafunzi: chini yake utakuta mstari mweusi, mipaka yake imenyooka kama iliyopigwa rula.