Kabla ya Kufunga Mkanda Mweupe Ukubwani

Jioni ya kwanza niliyoingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, mtoto wa miaka kama kumi na mmoja alinitazama kiunoni, akanisogelea, akaninong'oneza: "Ami, mkanda umeufunga kama wa suruali." Akaufungua, akaufunga upya mbele ya watu, akarudi mstarini. Nilikuwa na miaka 39, baba wa watoto watatu, na ofisini kwetu Kilindini, Mombasa, watu sita walikuwa wakingoja saini yangu. Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Basi ukitaka kujifunza karate, judo, taekwondo au jujitsu ukubwani, ujue utachutama mara mbili tatu kwa wiki, na unalipia. Jipime kwa hilo kabla ya kuulizia bei ya sare.

Kisha ujiulize wataka nini. Wengi ninaowasikia mjini wanasema wataka kujilinda, na wakihojiwa kidogo hofu yao ni moja: vijana wenye mapanga kwenye vichochoro usiku. Nitasema wazi. Mbele ya panga, mpe simu, mpe pochi, na ukiweza, kimbia. Mwalimu anayekuahidi kwamba baada ya miezi sita utampokonya mtu panga anakuuzia kaburi. Ikiwa wataka kupunguza tumbo, kulala vizuri, kuacha kukaa barazani kila jioni ukitafuna miraa, hapo mchezo wowote kati ya hii utakufaa. Mimi nilikwenda kwa sababu ya presha, na sioni haya kusema.

Tukitaja presha: nenda upimwe kwanza. Presha, sukari, moyo, na umwambie daktari wazi kwamba utarushwa chini, si kwamba "utafanya mazoezi kidogo". Ukiwa na goti lililowahi kuteguka kwenye mpira wa ujana, litaje kwa daktari, kisha ulitaje tena kwa mwalimu. Hakikisha pia michango yako ya bima ya afya ya SHA haijalala, maana kifundo cha mguu hakivunjiki kwa miadi.

Watu hubishana sana kuhusu mchezo upi ni bora. Kwa anayeanza ukubwani, la maana ni mwili wako utatendwa nini. Karate na taekwondo ni ngumi na mateke, taekwondo ikielemea miguu zaidi, kwa hivyo nyonga na misuli ya nyuma ya paja ndiyo italia. Judo ni kushikana na kuangushana. Jujitsu ile iliyokulia Brazil, nayo ni mtoto wa judo, humalizia kazi chini sakafuni, watu wakikabana shingo na kupinda viungo. Huko chini kuna neema moja: ukizidiwa unampiga mwenzio kofi jepesi mara mbili, naye anaachia papo hapo. Jifunze kugonga mapema. Wanaume wa makamo huumizwa na kiburi cha kutogonga kuliko na nguvu za mpinzani.

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano, aliyefungua Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882 akiwa na wanafunzi 9 na mikeka 12 katika hekalu. Jina lake hunichekesha, maana kano zetu za mwilini ndizo zinazotusumbua watu wa umri huu. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, ukajiona simba. Kano za mwili huchelewa sana kuifuata. Katikati hapo ndipo watu wazima wanapochanika. Kano mwenyewe aliziondoa mbinu za hatari kutoka jujutsu ya kale ya Japani, iliyozaa judo, kwenye mazoezi ya kupambana, ili watu wapimane kwa nguvu zote na kesho warudi kazini. Ukumbi ambao watu hawarudi kesho yake umeisahau habari hiyo.

Kwa hivyo usijiunge siku ya kwanza. Nenda ukakae pembeni jioni tatu tofauti, tena bila kutoa taarifa ukiweza. Usiangalie vikombe kabatini wala mabango. Mwangalie mtu dhaifu kuliko wote ukumbini, mnene au mzee au mtoto mwoga, uone anavyotendewa. Je, mwenye mkanda mweusi, aliyebobea, akipangwa naye anapunguza nguvu, au anamfanya gunia? Mwalimu akikosoa, anaonyesha au anafedhehesha? Mtu akiumia, mazoezi yanasimama? Nilitembelea mahali pamoja ambapo kijana alipigwa teke la kichwa, akayumba, akacheka, akaambiwa aendelee. Niliondoka kabla ya salamu ya mwisho. Mtikisiko wa ubongo si jambo la kucheka: aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, kichefuchefu au kiwi hapaswi kurudi mchezoni siku hiyo, hata akiapa kwamba yu mzima.

Tazama pia wanapoangukia. Kumbi nyingi za hapa kwetu ni za kuazima, kama ukumbi wa shule, wa jamii, au juu ya sakafu ya ghorofa ya mtu. Kwa karate saruji inavumilika. Kwa judo saruji yenye turubai juu ni kujitafutia balaa. Wengine hufanyia ufuoni maji yakitoka, na mchanga mbichi ni godoro zuri kweli, ila huchosha mashavu ya miguu upesi na huficha vigae vya chupa na makombe. Pitisha miguu kwanza ukitafuta.

Sasa kuanguka. Hili ningelipa wiki zote za mwanzo, na mwalimu asipokufundisha ndani ya siku tatu za kwanza, muulize kwa nini. Mtu mzima akiteleza hunyoosha mkono nyuma aukamate mwili wote kwa kiganja, na hapo kifundo cha mkono au kiwiko huenda. Wajapani huita ukemi, ufundi wa kupokea anguko. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, mgongo mviringo kama tenga, mikono inapiga mkeka pembeni karibu na mwili ili pigo ligawanyike. Anza kwa kuchuchumaa, kisha kusimama, na usikubali kurushwa na mtu kabla hujaanguka mwenyewe mara nyingi kiasi cha kuchoka. Mimi nilifanyia chumbani juu ya godoro hadi mke wangu akauliza kama nimepatwa na kitu. Faida yake niliiona bafuni, sabuni ilipoponyoka chini ya unyayo, si ukumbini.

Joto nalo lina mambo yake. Vitabu vya michezo hii viliandikwa na watu wanaojua theluji. Hapa kwetu, wakati wa kaskazi, Februari na Machi, nyuzi 32 za mchana hazijashuka sana jioni, na unyevu hauruhusu jasho kukauka. Sare ya judo ya pamba nzito ikilowa huwa kama umebeba mtoto mgongoni. Usianze kunywa maji ukifika ukumbini. Anza tangu adhuhuri. Dafu moja baadaye lafaa, na chumvi kidogo katika chakula, ila mwenye presha amfuate daktari wake. Ukiona jasho limekata ghafla, au baridi inakutambaa mikononi, keti. Kuketi hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Jasho huleta choa pia. Ugonjwa huu wa ngozi hupita kwa mguso na kwa mikeka michafu, na dojo isiyosafisha mikeka yake huwagawia wote. Kata kucha za mikono na miguu, vua pete na saa, oga upesi, na sare ifuliwe kila unapoivaa. Usiiache mfukoni hadi asubuhi. Kwa unyevu wetu itaota koga kabla ya kuota jua.

Kuna suala linaloulizwa kwa sauti ya chini Mombasa, nalo ni kuinama. Michezo ya Kijapani huanza na kumalizika kwa kuinamiana, na wapo Waislamu wanaoona uzito kwa sababu kuinama kwa namna ya rukuu ni kwa Mungu. Wapo wanaoichukua kama salamu tu. Mimi si sheikh, uliza unayemwamini. Ninachosema ni uulize mwalimu kabla, faraghani, si siku ya darasa ukiwa umesimama mstarini kama mgomaji. Wangu alisema kuweka mkono kifuani kunatosha. Ambaye angekataa ningemshukuru kwa kunijulisha mapema, nikatafuta kwingine. Dada zetu waulize pia nani wanashikana naye kwenye mazoezi, na kama kitambaa cha kichwa kinaruhusiwa. Kimia Alizadeh wa Iran alichukua shaba ya taekwondo Rio mwaka 2016 akiwa na hijabu chini ya kofia ya kinga, kwa hivyo anayekwambia haiwezekani hajafuatilia.

Saa za mazoezi nazo zipime. Darasa la saa kumi na mbili unusu jioni linagongana na Maghrib, na anayevuka Likoni ajue feri haimjui sensei, yaani mwalimu. Mwezi wa Ramadhani kumbi nyingi huhamia usiku baada ya Tarawehe. Ukiwa mgeni, mwezi huo fanya mepesi au pumzika.

Pesa: lipa mwezi mmoja tu. Usinunue sare mpya mwezi wa kwanza. Suruali ya mazoezi na fulana nzito ya soko la Kongowea zinatosha, mwalimu akikubali. Anayekutaka ulipe mwaka mzima kwa M-Pesa kabla hujaanguka hata mara moja ana haraka yake. Ogopa vilevile mahali ambapo mikanda hupandishwa kila baada ya wiki chache na kila mtihani una ada. Mikanda hii si ya kale sana: desturi ya mkanda mweusi iliingizwa na Kano huyo huyo katika miaka ya 1880, na rangi nyingi za katikati zilikuja baadaye kuwapa wanaoanza hamu.

Kuhusu umri, watu watakutajia Gichin Funakoshi, aliyetoka Okinawa kwenda Tokyo kuonyesha karate mwaka 1922 akiwa na miaka 53. Kweli, lakini alikuwa ameifanya tangu ujana. Wewe unaanza sasa. Siku mbili kwa wiki zatosha kwa miezi mitatu, na mateke ya juu ya kiuno yasubiri hadi nyonga zikubali.

Mkobani weka chupa mbili za maji, taulo, plasta, na leso kuukuu ya mkeo ya kufungia sare mbichi. Hiyo leso usiidharau. Dereva wa tuktuk aliwahi kunishusha Tononoka, safari ikiwa nusu, akisema abiria wa nyuma wanalalamika.