Somo: Mwaka wa kwanza wa mche mfupi juu ya mawe ya Goma

Wapendwa, wengi wenu mmeshapanda ile miche mifupi iliyopandikizwa, ya michungwa, mandarini na ndimu. Sasa ndipo kazi inapoanza, maana hapa hatuna udongo mzito kama wa Masisi. Tunapanda juu ya lava, mawe yaliyomwagwa na volkano. Shimo ulilovunja kwa mtaimbo, ukalijaza udongo uliokuja kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, ni nyungu iliyozikwa. Utunze mche kama ulio ndani ya nyungu.

1. Kovu. Chini ya shina kuna kovu, pale walipounganisha miti miwili: juu ni tunda unalolitaka, chini ni mti mwingine wa kutoa mizizi. Libaki juu ya udongo kwa upana wa kiganja. Udongo wa kuleta hupotelea kwenye nyufa za mawe, na mche hushuka nao. Mvua kubwa za kwanza zikipita, kaangalie. Ukiwa umeshuka, uinue na bonge lake lote, ujaze chini.

2. Maji. Mvua za Septemba hadi Mei husaidia, ila lava haishiki maji. Jua likiwaka siku nne mfululizo, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagia nusu bidoni, yaani lita 10, polepole, asubuhi mapema au jioni. Juni hadi Agosti ni mara mbili au tatu kwa wiki.

3. Nyasi. Funika udongo kwa nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa vidole vinne, visiguse shina. Mawe meusi yakishika jua huunguza mizizi ya juu.

4. Machipukizi ya chini. Hapa nilikosea mwenyewe. Mandarini yangu ilitoa tawi refu lenye miiba mirefu, nikafurahi kwamba inakua mbio. Kumbe limetoka chini ya kovu! Matunda yalipokuja yalikuwa makali, hata watoto waliyatupa. Kila chipukizi la chini ya kovu ling'oe kwa kidole likiwa bado laini.

5. Maua. Mwaka huu yachume yote. Nilipoyachuma yangu, mama watoto alininunia wiki nzima, lakini mche unaozaa kabla ya kushika mizizi hudumaa.

Usisahau kijiti cha kuushikilia, na senyenge. Mbuzi wa jirani hasomi somo hili.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, mimi nachota maji ziwani. Majani machanga yamekuwa njano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani.*
Mama, ni hayo maji. Ya Kivu yana magadi, na mti ukinyweshwa hayo muda mrefu unashindwa kufyonza madini ya chuma. Tega mvua kwenye bati uwekee mti, ya ziwa ufulie.

*Samadi ya mbuzi naweka lini?*
Mbichi usiweke, inaunguza. Irundike miezi mitatu minne, ikiacha kunuka na kutoa moto weka koleo moja, mbali kidogo na shina.

*Wangu una miezi miwili bila jani jipya. Nitoe?*
Ngoja kwanza, kaka. Kwaruza gamba kwa ukucha: ndani pakiwa na kijani, uko hai. Ila kwaruza juu ya kovu. Chini yake ni mti mwingine, unaweza kuwa hai huku mandarini yako imeshakufa.