Kutunza Picha Halisi za Kidijitali katika Kompyuta ya Nyumbani

Faili inayotoka kwenye kamera au simu, kabla haijakatwa, kuongezwa mwanga wala kupunguzwa ukubwa, ndiyo picha halisi, na hadhi yake ni ile iliyokuwa ya negetivu enzi za filamu: hutolewa nakala, lakini yenyewe haichezewi. Faili ya JPEG, aina ya faili ya picha inayotumiwa na kamera na simu nyingi, haidhuriki kwa kutazamwa wala kwa kunakiliwa. Hudhurika inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya, kwa kuwa kila mara inagandamizwa tena na sehemu ya taarifa zake hupotea bila kurudi. Kwa hiyo tengeneza folda kuu mbili, moja ya picha halisi na nyingine ya picha zilizohaririwa, na kila unapotaka kurekebisha picha, inakili kwanza kwenye folda ya pili.

Ndani ya folda ya picha halisi, panga kwa mwaka, kisha kwa tarehe na tukio, kwa mfano «2023-08-19 Harusi». Mwaka ukitangulia, ukafuatwa na mwezi na siku kwa tarakimu mbili mbili, kompyuta itazipanga folda kwa mfuatano wa wakati bila kuelekezwa. Wapo wanaopenda kupanga kwa watu au kwa mada, lakini mimi siushauri mtindo huo, kwani picha ya bibi akiwa harusini haijulikani iwekwe kwa bibi au kwa harusi, na mwisho wake huwekwa kote kuwili. Majina ya watu na mada yaandikwe kama lebo ndani ya programu ya picha. DigiKam, ambayo ni ya bure, inaifanya kazi hiyo vizuri.

Majina ya faili yanahitaji uangalifu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kamera nyingi huhesabu kutoka 0001 hadi 9999 na kuanza upya, hivyo kamera moja inaweza kutoa IMG_0412 mbili zilizopishana miaka, na kamera mbili zinaweza kuitoa siku moja. Zikikutana katika folda moja, kompyuta huuliza kama ibadilishe faili iliyopo, na aliyechoka hubofya «ndiyo». Epuka ajali hiyo kwa kutanguliza tarehe na saa: 2023-08-19_154210_IMG_0412. Kubadilisha jina hakugusi picha yenyewe, na digiKam inaweza kuyabadilisha mamia ya majina kwa mkupuo. Hata hivyo, hakikisha programu inasoma tarehe ya kupigwa picha, ambayo kamera huiandika ndani ya faili, si tarehe ya faili inayoonyeshwa na kompyuta, kwa sababu hii ya pili inaweza kubadilika faili inaponakiliwa. Bila shaka saa ya kamera nayo lazima iwe sahihi.

Picha zilizopokelewa kwa WhatsApp ziwekewe folda yake. Kwa kawaida huwa zimepunguzwa ukubwa na kuondolewa taarifa za ndani, ikiwemo tarehe. Ukizihitaji zikiwa kamili, mwombe aliyezipiga azitume kama hati.

Unapohamisha picha kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu ya kamera, tumia amri ya kunakili, usitumie ya kukata, ili kebo ikichomoka katikati ya kazi zile za kwenye kadi zibaki salama. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa jumla wa pande zote mbili, fungua picha kadhaa, tengeneza nakala ya pili kwenye diski ya nje, na baada ya hapo ndipo uzifute picha zote za kadi, kadi ikiwa ndani ya kamera yenyewe.

Kuhusu nakala za akiba, kanuni aliyoieneza mpiga picha Peter Krogh bado inatosha: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Moto au mwizi hachagui kati ya kompyuta na diski iliyo mezani kando yake. Huduma ya mtandaoni inaweza kuwa ile nakala ya nje, lakini huduma inayooanisha folda peke yake si akiba, maana picha ukiifuta hapa hufutika na kule. Diski ya nje nayo ichomolewe kazi inapokwisha, kwa sababu kirusi kinachofunga faili hufika kwenye kila diski kinayoikuta imeunganishwa. Usitegemee flashi iliyosahaulika kabatini kwa miaka, kwani vifaa vya aina hiyo vinaweza kupoteza taarifa vikikaa muda mrefu bila umeme. Angalau mara moja kwa mwaka, chukua folda moja kutoka kwenye akiba, irudishe mahali papya kwenye kompyuta, na uzifungue picha zake uone kama zinafunguka.