Nywila ni sahihi, lakini Linux inakurudisha palepale

Umeandika nywila sahihi, skrini ikawa nyeusi kidogo, kisha ukarudishwa pale pa kuingilia. Tafadhali usikimbilie kusakinisha mfumo upya. Mara nyingi mafaili yako yako salama kabisa.

Bonyeza Ctrl+Alt+F3, uingie kwenye skrini ya maandishi matupu. Ukikubaliwa hapo, nywila haina kosa. Kilichokwama ni eneokazi, yaani mazingira ya madirisha na ikoni. Anza na amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski. Diski ikiwa imejaa asilimia 100, eneokazi hushindwa kuandika hata faili dogo linalolihitaji ili lifunguke. Futa vitu, ukianzia na vilivyomo ~/.cache (folda ya mafaili ya muda), ujaribu tena.

Nafasi ipo? Andika ls -l ~/.Xauthority, uone ni nani mwenye faili hilo la ruhusa ya kufungua madirisha. Likionekana ni mali ya root, msimamizi mkuu wa mfumo (hutokea ukifungua programu ya madirisha kwa sudo, amri ya kutumia mamlaka yake), lirudishe kwako:

sudo chown $USER: ~/.Xauthority

Hili lilinila saa nyingi kabla sijalijua, ndiyo maana nalitaja.

Bado? sudo journalctl -b -p err itakuonyesha makosa yaliyorekodiwa tangu kompyuta iwashwe. Kama mkosaji ni kiendeshi (driver) cha kadi ya picha, aghalabu utamkuta humo. Kurudi ulikotoka ni Ctrl+Alt+F1, F2 au F7, kutegemea mfumo wako.